Wimbo Niliousimamisha Mbita

Binti yangu ni mwalimu mjini Migori. Likizo iliyopita alikuja nyumbani akaniambia nichague nyimbo za maisha yangu, azitie kwenye flash moja niwe nazisikiliza redioni. Aliona nimekunja uso, akawahi kusema, "Si za mazishi, Baba. Huku kwetu mtu huchaguliwa nyimbo akiwa tayari yuko kwenye sanduku. Wewe chagua mwenyewe, ukiwa hai."

Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Nilimaliza kidato cha nne, nikawa karani wa mizani ya pamba huko Homa Bay miaka mingi, na orodha ni kitu ninachokiweza. Lakini nyimbo si magunia. Ya kwanza niliyoikumbuka ilikuwa santuri ya gita niliyoinunua nikiwa kijana. Jina lake lilikuwa limenitoka kabisa, kwa hiyo nikaliimba lile gita kwa mdomo, tiriri tiriri, kama mwendawazimu.

Binti yangu akanisogezea simu. "Rudia."

Nikarudia. Simu ikanyamaza kidogo, kisha gita lenyewe likaanza kulia pale mezani, kati ya chai na viazi vitamu. Niliduwaa. Santuri ile ilivunjika kabla binti huyu hajazaliwa, nami nilijua imekwisha duniani. Kumbe ilikuwa mahali fulani, nzima, bila hata ule mkwaruzo wake. Nilishika meza.

Tukaendelea mpaka jua la adhuhuri. Nilichagua wimbo wa paredi tuliokuwa tukipigiwa na bendi ya shule. Nikachagua wimbo wa kanisa ambao wanawake waliimba siku mwili wa mama yangu ulipoletwa kwa mashua. Nilitaka hata muziki mfupi uliokuwa ukitangulia salamu za redio, na huo tuliutafuta sana, tukaukosa. Binti yangu alikuwa akicheka na kuandika.

"Bado mmoja," nikamwambia. "Huo simu haitaupata."

"Jaribu kuuimba."

"Siwezi. Ni wa mama yako."

Akaiweka simu chini. "Sijawahi kumsikia Mama akiimba."

"Najua. Ni kwa sababu yangu."

Nikamweleza. Mama yake alitoka kwao Sori akiwa kiongozi wa dodo, zile nyimbo za wanawake wa kwetu ambazo mmoja huanzisha na wengine humjibu, huku mabega yakifanya kazi ya ngoma. Wimbo mmoja aliutunga mwenyewe mwaka tuliooana. Ulikuwa unamtuliza mama yake asilie kwa kuwa binti ameolewa mbali. Tulipokwenda Mbita kwenye arusi ya binamu yangu, wanawake wa boma letu walimtanguliza mbele, kibuyu chenye mbegu mkononi, akaimba. Watu waliacha kula. Hata wazee wa upande wa pili walisimama.

Sasa kwetu kuna desturi ya kujisifu, pakruok. Mtu yeyote huinua mkono, wimbo ukasimama, naye akajitapa mpaka roho yake itulie. Lakini wimbo ule ni wa mwimbaji. Ukimaliza, lazima umrudishie. Unamwambia tu, "Endelea."

Niliinua mkono. "Mimi, fahali wa mizani! Mimi, kalamu isiyokauka wino! Mimi ambaye pamba haipandi lori mpaka niitazame!" Walinishangilia. Mke wangu alikuwa akingoja, kibuyu kimesimama hewani, anatabasamu. Nami badala ya kusema neno lile moja nikasema, "Inatosha. Mke wa karani haimbi hadharani."

Shangazi yangu akanivuta shati. "Mwanangu, umesimamisha wimbo wa mtu. Mrudishie."

"Shangazi, kula nyama," nikamjibu, na watu wakacheka.

Kwa zaidi ya miaka arobaini mke wangu hakuimba mbele yangu. Kanisani alifungua kitabu akatazama maneno. Mimi nilisema ni utu uzima. Watoto walipokua na kuondoka, alirudi Sori kufanya biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani, akajijengea chumba. Hatukuachana. Tunatembeleana Krismasi na kwenye misiba, lakini kila mtu ana kufuli lake.

Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho. Hakunikemea. Alinionyesha tu kwenye simu yangu mahali pa kubonyeza ili kurekodi sauti. "Nenda ukamwombe," akasema. "Akikataa, usinitume mimi."

Nilifika Sori asubuhi. Wanawake kama kumi walikuwa wakitandaza omena kwenye nyavu ufukweni, na mke wangu alikuwa katikati yao, ameinama. Mmoja aliniona kwanza.

"Mama, mgeni wako amevaa koti. Amekuja kuposa tena?"

"Mwambie mahari imepanda," akasema mwingine.

Mke wangu hakuinuka. "Karibu, Karani. Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja kuomba wimbo."

"Mimi nauza omena."

"Ule niliousimamisha Mbita."

Vicheko vikaisha. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yakanipotea, nikasema yale yaliyobaki. "Nilikosea. Nilisema ni heshima, lakini ilikuwa wivu. Watu walikuwa wanakutazama wewe, nikataka wanitazame mimi. Kisha sikukurudishia."

Aligeuza omena kwa kiganja, upande mmoja, halafu mwingine.

"Karani," akasema, "miaka yote hiyo ulidhani wimbo ulikuwa umesimama?"

Akauanza, akiwa bado ameinama. Sauti ilikuwa imeshuka, nzito, na ilikuwa ile ile. Na wale wanawake wakaitikia. Wote. Mama mzee aliyekuwa akiosha beseni akaitikia, wasichana waliokuwa mwisho wa nyavu wakaitikia bila kuinua macho, na kutoka ufukwe wa pili, kwa watu nisiowajua hata kidogo, sauti nyingine zikadaka. Wimbo niliojiona nimeuua ulikuwa unafanya kazi kila siku juu ya samaki, mdomo kwa mdomo, na mimi peke yangu ndiye sikuwa na habari.

Ulifika pale nilipousimamisha. Hapo hapakuwa na maneno. Walipiga makofi tu, muda wa ubeti mzima, kisha wimbo ukaendelea mpaka mwisho wake, ambao nilikuwa sijawahi kuusikia.

"Pale kwenye makofi," nikamwuliza walipomaliza, "pana nini?"

"Ndivyo wimbo ulivyo," akajibu msichana mmoja. "Tuliukuta hivyo."

Mke wangu ndiye aliyeinuka sasa, akanyoosha mgongo. "Palikuwa na ubeti," akasema. "Nilimwambia mama yangu asilie kwa sababu mume niliyempata ni mtu mwema. Nilikuwa nakusifu. Ungengoja kidogo tu, ningefika."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama omena, elfu na elfu, kila moja na jicho lake. Niliweza kuvumilia kujua kwamba nilimnyima sauti. Lakini kwamba kwa kujisifu nilizikatiza sifa zangu mwenyewe zilizokuwa njiani kunijia, na kwamba yeye alipafunika mahali pale kwa makofi badala ya matusi, hilo lilinizidi kimo.

Nikatoa simu. "Naweza kurekodi?"

"Si wangu peke yangu tena. Waulize."

"Arekodi," akasema yule wa mahari. "Lakini akiinua mkono tunamtupa ziwani."

Wakauimba tena mzima. Uko kwenye flash sasa, pamoja na upepo na mlio wa korongo. Binti yangu aliuliza kama apunguze yale makofi, ni marefu. Nilimkataza.

Siku ile, kabla sijaaga, nilimwuliza mke wangu kama bado anaukumbuka ule ubeti.

"Upande huu bado mbichi," akasema, akinionyesha nyavu. "Geuza."

Nikavua koti, nikainama kando yake.