Mguu Uliruka, Mdomo Ukangoja

Enzi zetu pale Lubumbashi, mchezo mkubwa wa mapumziko ulikuwa goti. Mmoja anakaa juu ya dawati, mguu unaning'inia, mwenzake anampiga kwa rula chini ya pia ya goti. Mguu unaruka wenyewe, tunacheka mpaka kamasi. Mwalimu wa sayansi alitueleza: habari inapita kwenye neva hadi uti wa mgongo, na amri ya kuruka inatoka hapo hapo. Ubongo unajua baadaye. Watoto wa leo wangelitafuta somo hilo kwenye simu na kulisahau kabla bukari, ugali wetu, haijaiva.

Kisha maisha yakavurugika. Mishahara ya mgodini ikakatika, maduka yakaporwa, na vijana wakaanza kuuliza nani katoka jimbo gani, ili wageni wafukuzwe. Mama yangu alizaliwa jimbo jingine. Baba, mtu wa pale pale, alituonya kila asubuhi: "Ukiumia, unalia mu Swahili. Unasikia?" Maana watu waliamini kwamba anayeungua hulia kwa lugha ya kwao. Niliogopa, jamani, hata kujikwaa.

Jirani yetu Mama Odile, ambaye mwanawe alikuwa mmoja wa vijana wale, akaanza kuja kila jioni kuomba makaa ya moto kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Sikumwamini hata kidogo. Moto alikuwa nao: jikoni kwake moshi ulikuwa ukifuka. Siku moja kaa likamponyoka, eti, likaangukia mguu wa mama. Mguu ukaruka. Mama Odile hakuutazama. Alimtazama mama mdomoni.

"Haina neno, Mama Odile," mama akasema. "Kamata ingine."

Jirani alipoondoka, mama aliingia chumbani, akauma kitenge, akalia kwa lugha yake. Hapo ndipo nilipolielewa somo. Mguu hauombi ruhusa, lakini maneno hupitia kwenye ubongo, na ubongo wa mama ulikuwa macho siku zote.

Siku hizi watoto wangu wakiumwa na mbu wanapiga kelele mtaa mzima usikie, tena kwa Kifaransa. Nawacheka, na nawaonea wivu. Juzi chai ya moto ilimmwagikia mama, sasa ni kizee. Mkono uliruka.

"Lia tu, mama," nikamwambia. "Tuko sisi wawili."

Akatazama mlango. Kisha akanitazama mimi, mwanawe, kwa jicho la kutoamini, kana kwamba nami ni Mama Odile, na hakulia.