Kipande cha Sitini na Nne

Shangazi yangu alifanya kazi miaka ishirini na sita katika maabara ya mifugo, na kazi yenyewe, ukimsikia akiieleza, ni kukata picha kwa mkasi. Watu walimcheka. Mtu mzima na akili zake anakwenda kazini kukata picha? Wacheke tu. Picha zile zilikuwa za kromosomu, vile viuzi vilivyomo ndani ya kila seli vinavyobeba urithi wa mama na baba. Alizipiga kupitia darubini, akavikata viuzi kimoja kimoja, akavipanga kwenye kadibodi viwili viwili, cha mama ubavuni mwa cha baba. Wenzake wakambandika jina: Mama Jozi.

Mwaka mmoja macho yalianza kumwangusha. Mara mbili alikosea hesabu, na mkuu wa maabara si mtu wa kumung'unya maneno.

"Mama Jozi, ukikosea tena nakuhamishia kwenye kuosha chupa. Sina jinsi."



Kisha ikaletwa damu ya farasi jike. Fomu aliijaza mwenye mnyama, mwendesha mkokoteni: "Farasi. Miaka mitano hashiki mimba." Farasi ana kromosomu sitini na nne, hilo shangazi alilijua kama anavyojua vidole vyake. Akakata, akahesabu. Sitini na tatu.

Akapiga magoti. Akatafuta chini ya meza, kwenye pipa la taka, kwenye pindo la koti lake jeupe, hadi kwenye soli za viatu. Hakuna kitu. Akakata picha ya seli nyingine: sitini na tatu. Nyingine tena, vilevile. Na baya zaidi, vipande alivyokuwa navyo vingi havikukubali kukaa viwili viwili. Hiki kirefu, kile kiuno chake kimebanwa mahali pengine kabisa. Macho yamekwisha, alijiambia. Kuchomoa kipande kimoja kwenye picha ya zamani na kukibandika ilikuwa kazi ya dakika moja, na nani angejua? Mwenyewe alinikiria kwamba alishakishika mkononi. Akakirudisha kwenye bahasha, akaandika 63, akampelekea mkuu.

Mkuu alichukua picha mpya, akaketi kukata mwenyewe, shangazi amesimama mlangoni jasho likimtoka. Akahesabu kwa sauti. Alipofika sitini na tatu vipande vikaisha. Kisha mkuu mzima, na tai yake na kitambi chake, akainama kutafuta chini ya meza.

"Huko nimeshafagia, mkuu," shangazi akasema.

Wakampigia simu mwenye mnyama.

"Huyo farasi wako masikio yake yakoje?" mkuu akauliza.

"Marefu marefu hivi. Lakini mama yake ni farasi, nimemwona kwa macho yangu!"

"Na baba yake?"

"Hapo jirani palikuwa na punda..."

Kumbe ni nyumbu, mtoto wa punda na farasi! Mama alimpa thelathini na mbili, baba thelathini na moja. Kwa kukua na kuvuta mzigo hilo halina shida, maana kila kromosomu hujinakili yenyewe, seli ikagawanyika, maisha yakaendelea. Shida huja wakati wa kutengeneza yai. Hapo kila moja lazima imtafute mwenzake, zilale ubavu kwa ubavu na kubadilishana vipande. Za nyumbu hutafutana zisipatane, na yai huishia hapo.

"Kwa hiyo si ukaidi?" mwendesha mkokoteni aliuliza. "Miaka yote hii namsema vibaya bure?"

Mimi nikiliwaza jambo hili nywele hunisimama. Nusu mbili zisizolingana, na bado zimejenga moyo unaodunda, kwato, na mgongo wa kubeba magunia. Shangazi alikwenda kumwona mnyama huyo, akamwekea kiganja shingoni, akalia machozi. Sikumwuliza kwa nini.

Alibaki kwenye meza yake hadi alipostaafu, kwa miwani mipya. Kadibodi ile alinipa mimi. Nafasi ya sitini na nne iko wazi mpaka leo, na chini yake ameandika kwa penseli: "Nimetafuta. Haikuwapo."