Chelewa Ndani ya Jambia

Majambia ya Kihindi yanayoletwa kibandani kwangu Mwenge, mengi ni mchanganyiko tu: mpini wa hili, ubapa wa lile, ala ya jingine kabisa. Mtu anakukazia macho anakwambia ni la babu wa babu yake. Babu gani, jamani! Mie sibishani. Naupasha mpini kwa mshumaa, taratibu. Mafundi wa zamani wa India walishikiza mkia wa ubapa ndani ya mpini kwa lakiri, na lakiri ikipata joto inalainika, ubapa unatoka. Nikikuta gundi nyingine, najua kuna mtu kaingiza mkono wake.

Mama mmoja wa Temeke, Mwarabu wa hapahapa, mjane, alikuja na lake kalifunga kwenye kanga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia.

"Sijaja kuuza, mwanangu. Nitazamie tu kama limechezewa."

Lilikuwa la ukoo wa mumewe. Kwao halichomolewi hovyo. Linakaa sandukuni mpaka mtoto wa kiume aoe, ndipo alivae. Siku ya harusi ya mwanawe wa pekee wakalichomoa, wakakuta ubapa mfupi unacheza ndani ya ala. Ufunguo wa sanduku walikuwa nao yeye na kijana tu. Akamwambia mbele ya wageni kwamba kauza ubapa wa wazee wake. Kijana akaapa, akalia, akampigia magoti. Mama akamnyima radhi.

"Kafa na bodaboda, bado sijampa," akasema. "Nataka nijue kweli alikuwa mwizi, nipate usingizi."

Nilimchukia pale pale, sifichi. Lakini nikawasha mshumaa.

Mpini ulikuwa wa jiwe la kijani, kazi ya India kweli. Joto likapanda, lakiri hakuna. Nikachokonoa mdomo wa mpini, ikamomonyoka gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa mninga, imezeeka mpaka imekuwa nyeusi. Ubapa ukatoka na kabari yake ndogo, nayo imebanwa kwa vijiti viwili vya chelewa ya mnazi vilivyopishana.

"Hii kazi ya seremala, tena ya miaka mingi," nikamwambia. "Ila mtu anayebana kabari kwa chelewa, mie sijamwona."

Akanipokonya ile kabari.

"Kazi ya baba yake hii," akasema. Mumewe alikuwa fundi fanicha Keko. "Viti vyangu vyote kavibana hivi. Fagio langu alikuwa ananimalizia, tukigombana kila siku."

"Alifariki lini, mama?"

"Mtoto alikuwa bado ananyonya."

Kwa nini yule baba alibadilisha ubapa, hakuna aliyebaki wa kutuambia. Mshumaa ulikuwa unawaka bure. Ile chuki yangu yote ikaniishia, nikabaki kumwonea huruma.

Akafunga vipande kwenye kanga. Kabari akaibakiza kiganjani.

"Mwanangu, radhi ya mama ikitolewa juu ya kaburi, inafika?"

"Inafika, mama," nikasema haraka.

Ndipo akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Hilo jibu mbona hujalipasha moto?"