Mashine Nne za Bi Otília

Siku ya kwanza kumwona Bi Otília alikuwa ameinama katika chumba cha chini cha jengo letu, mgongo wa mkono wake ameuweka ubavuni mwa kompyuta, kama mama anayempima mtoto homa. Ushirika wa nyumba ulikuwa umenituma kubadilisha taa. Mikono yangu ilikuwa imeshika ngazi, hivyo nikasukuma mlango kwa bega, ukajifunga nyuma yangu kwa kishindo.

"Haya, umemlaza," alisema bila kugeuka. "Huyu wa tatu kutoka mlangoni, mlango ukipigwa anazimika."

Kweli, kati ya mashine nne zilizopangwa ukutani moja ilikuwa imenyamaza. Nilitaka kuomba radhi, neno halikutoka. Nimekuwa hivyo tangu utoto. Shule niliishia ya msingi nikaenda kubeba mabomba, na mabomba hayamdai mtu maneno. Aliiwasha tena mashine yake, kisha akanitazama kuanzia viatuni.

"Una jina?"

"Vendelín."

"Mimi Otília, ghorofa ya nne. Theluji iache nje, Vendelín, halafu ufunge mlango kama mtu aliyelelewa."

Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha beringi hapa mjini, upande wa ukaguzi. Koti jeupe, taa kali, mkononi mikromita, kile chombo cha kuzungusha kwa kidole kinachopima hata unene wa unywele. Kwao beringi moja ilipimwa na wasichana wawili, kila mmoja kwa chombo chake, bila mmoja kuona namba ya mwenzake. Namba zikilingana beringi inapita, zikitofautiana inaenda kwa msichana wa tatu. Siku moja bosi alimletea kreti ambalo treni ilikuwa inalisubiri, akamwambia aweke saini bila kupima. Alikataa. Bosi akamsimamisha koridoni mpaka jioni, watu wote wampite wamwone.

"Ukafanyaje?" nilimuuliza.

"Nikasimama. Nilikuwa na viatu vizuri."

Mwaka aliostaafu, ofisi za kiwanda zilikuwa zinatupa kompyuta za zamani. Alichukua nne, akazisukuma mpaka nyumbani kwa kigari ambamo zamani alimlaza binti yake. Safari nne, kilomita mbili kila safari. Alizileta kwenye klabu ya wastaafu iliyokuwa katika chumba kile cha chini, chini ya uongozi wa Bwana Ctibor, aliyekuwa mkuu wa stesheni ya treni na bado alizungumza kama anatangaza treni.

Klabu hiyo ilikuwa imejiunga na watu wa dunia nzima wanaowaazimisha wanasayansi kompyuta zao bure. Watu wa chuo kikuu fulani walikuwa wanatafuta umbo la mawe yanayozunguka jua. Jiwe lenyewe halionekani ila kama nukta, lakini mwanga wake hupanda na kushuka, na kwa hesabu ndefu sana unaweza kujua limekaaje na linajizungusha kwa muda gani. Hesabu moja hutumwa kwenye nyumba mbili zisizojuana. Majibu yakilingana yanakubaliwa. Bwana Ctibor alipomweleza hivyo, Bi Otília alivua koti.

"Kumbe ni kazi yangu," alisema. "Mngeniambia mapema."

Hakuna anayelipwa. Unapewa pointi, na vikundi vinapangwa kwa pointi zake, na Bwana Ctibor aliipenda ile orodha kuliko chakula. Bi Otília hakuiangalia. Yeye alishuka kila asubuhi saa kumi na mbili, akagusa mashine zake moja moja, akasoma ni hesabu zipi zimekubaliwa, akapanda kunywa kahawa. Mume alikuwa ameshafariki, binti aliolewa mji wa Brno. Asubuhi zake zilianzia pale chini.

Mimi niliingia klabuni kupitia nyaya. Leo soketi, kesho fyuzi, keshokutwa wananiwekea kiti. Siku moja nikapata kadi ya picha iliyotumika, kile kifaa cha ndani kinachoichorea kompyuta skrini, kwa mtu aliyeacha kucheza michezo ya kompyuta baada ya kupata mapacha. Nikaifunga kwenye kompyuta ya tano tuliyoongeza klabuni. Prosesa za Bi Otília zilimaliza hesabu moja kwa saa tano. Kadi ilimaliza kwa dakika kumi na moja. Bwana Ctibor alinibusu kwenye paji la uso.

"Inawezekanaje?" Bi Otília aliuliza.

Nilijitahidi kumweleza. Prosesa ni kichwa kinachojua mambo mengi na kuyafuata moja baada ya jingine. Kadi ina vichwa vidogo maelfu, vyote vinafanya jambo moja kwa pamoja, kwa sababu ilitengenezwa kupaka rangi nukta zote za skrini kwa mpigo.

"Nimeelewa. Hawa wangu ni mafundi wa benchi. Huyo ni ukumbi mzima wa wasichana." Akafikiri. "Na msimamizi wao yuko wapi?"

"Msimamizi wa nini, mama wa beringi?" Bwana Ctibor alidakia. "Treni imeshika reli, wewe unauliza msimamizi!"

Tulianza kupanda kwenye orodha. Wakati huo nikagundua kwamba kadi ina mahali pa kuongeza mwendo kupita ule uliowekwa kiwandani. Unasogeza alama kidogo tu. Nikasogeza, hakuna kilichoharibika. Nikasogeza tena. Dakika kumi na moja zikawa tisa. Bwana Ctibor akatangaza mbele ya watu wote kwamba mimi ndiye mhandisi wa klabu. Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Habari ya ile alama sikumwambia mtu.

Mwishoni mwa Februari ikaja barua kutoka kwa watu wa mradi. Majibu mengi kutoka kwenye chumba chetu yanakataliwa. Tusiporekebisha, tutapewa hesabu moja tu kwa siku. Barua ilikitaja chumba, haikuitaja mashine.

Alhamisi, siku ya mkutano, Bwana Ctibor aliisoma kwa sauti ya stesheni, kisha akamgeukia Bi Otília.

"Otilka, tusizunguke. Mashine zako zimefika umri wa kuoza. Umeme wa ushirika zinakula zote nne, na jibu ndilo hili. Tubaki na kadi."

Nilingoja amjibu vikali. Alikuwa na ulimi mkali, na Bwana Ctibor alikuwa ameshajikunja kidogo kitini kusubiri kipigo. Bi Otília alikitazama tu kidole chake cha gumba, kile kilichozunguka mikromita miaka yote ile.

"Kama wanaotuma uongo ni hawa wangu," alisema hatimaye, "nitazizima mwenyewe. Nipeni mpaka Alhamisi ijayo."

Jumatatu asubuhi nilimkuta chini, amevaa koti lake la nje, kitambaa kichwani, kama mtu aliye safarini. Mashine zilikuwa bado zinaunguruma.

"Sijawahi kuweka saini kwenye beringi mbovu, Vendelín," alisema. "Hata siku ile koridoni. Sasa kuna mtu Ureno, sijui wapi, amekaa anangoja jibu, anapokea upuuzi kutoka kwangu. Na mimi kila asubuhi nawagusa, nasema wako salama. Mkono wangu haujui tena kitu."

Akanyoosha kidole kwenye kitufe cha mashine ya kwanza.

Sijui kama nilikuwa nimeshaanza kushuku. Nadhani nilikuwa nimeshaanza. Nilichosema kilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia.

"Bi Otília, kule kiwandani beringi ikikataliwa, mlianza kumlaumu nani?"

"Tulianza na chombo. Unachukua pete moja ya beringi unaipima mara mbili. Chombo kizima kinasema neno lilelile." Kidole chake kikasimama hewani. Akanigeukia. "Hatujapima chombo."

"Hatujapima."

"Basi kwa nini umesimama hapo kama mwavuli? Lete pete!"

Pete yetu ilikuwa hesabu moja ya jiwe. Nilikata mtandao ili jibu lisiende popote, nikaziwekea mashine zote nne nakala ya hesabu ile, zikaanza pamoja. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Alivua koti. Saa nne akanituma juu kuleta supu yake ya kabichi chachu, tukala tukiwa tumekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Kila nilipokwenda mlangoni alisema, "Polepole." Saa nane mchana zikamaliza. Nikazianzisha upya na hesabu ileile, na Jumanne asubuhi tukawa na karatasi nane.

Alizipanga mezani, akachukua lenzi, akasoma namba zote kwa sauti mpaka tarakimu ya mwisho. Karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akafika ya nane. Zote zilisema neno moja.

"Sasa ukumbi wa wasichana," alisema.

Kadi ikamaliza kwa dakika tisa, na jibu likalingana na karatasi nane. Nikapumua. Dakika tisa nyingine. Tarakimu ya saba ilikuwa tofauti. Mara ya tatu kadi ilisema kwamba jiwe lile linajizungusha kwa nusu ya muda ule.

Bi Otília aliweka lenzi chini taratibu.

"Nani aliyewakimbiza wasichana hawa?"

"Mimi," nikasema. "Niliongeza mwendo. Mara mbili. Kila mtu alikuwa amefurahi."

Nilingoja kofi. Badala yake alikaa juu ya ndoo, akajishika kifua, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Si wao," alisema. "Vendelín, si wao. Wazee wangu wazima! Na mkono wangu mzima!" Akainuka, akazigusa zote nne kwa mgongo wa mkono, wa kwanza mpaka wa nne, akarudia tena. Kisha akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. "Haya, warudishie mwendo wao."

Nilirudisha alama mahali pake. Tukairudia ile hesabu mara tatu. Zote tatu zililingana na za wazee.

"Dakika ngapi?" aliuliza.

"Kumi na moja."

"Kutoka tisa? Umenivalisha koti la safari kwa ajili ya dakika mbili?"

Alhamisi chumba kilijaa. Bwana Ctibor alikuja na chupa ya slivovica, pombe kali ya plamu, kwa ajili ya kuziaga mashine za zamani, alivyosema, kwa heshima zote. Bi Otília aliweka karatasi zake mezani.

"Kulikuwa na chombo kinachosoma vibaya," alisema. "Kimerekebishwa. Majibu sasa yanalingana."

"Kipi kati ya masufuria yako?"

Bi Otília alitazama dirisha dogo linaloonyesha miguu ya wapita njia. Nikaelewa kwamba hatasema hata Bwana Ctibor akimweka koridoni mpaka jioni. Nikasimama.

"Ni kadi," nikasema. "Kadi yenyewe ni nzima. Mimi ndiye niliyeikimbiza ili tupande kwenye orodha. Mashine za Bi Otília hazikukosea hata mara moja."

Bwana Ctibor alizisogeza karatasi upande wake.

"Kwa hiyo nafasi yetu kwenye orodha..."

"Itashuka kidogo."

"Kwa dakika mbili, Bwana Stesheni," alisema Bi Otília. "Treni zako zilichelewa zaidi ya hapo kila Jumapili, na nchi haikufa."

Watu walicheka, hata yeye akacheka, akaizungusha ile chupa mkononi kama anayetafuta kazi nyingine ya kuipa. Kisha akamimina. Kiglasi cha kwanza alimpa Bi Otília, cha pili akanisukumia mimi.

"Kaa chini unywe, mhandisi mpumbavu."

Sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile.

Tangu hapo zilikaa zote tano. Kadi ilifanya hesabu nyingi kwa mwendo wake wa kiwandani, na kila asubuhi Bi Otília alichagua hesabu moja ya kadi, bila kuniambia ipi, akampa mzee mmoja aifanye upya. Ukumbi ulikuwa umepata msimamizi. Kufikia Aprili hapakuwa na jibu lililokataliwa.

Tulikaa hivyo miaka miwili. Kisha nyonga zikaanza kumsumbua, lifti ikaharibika kwa majuma sita, na binti yake akaja kutoka Brno na gari. Bi Otília aliniachia mashine tatu. Ya nne alisema anaondoka nayo, na alichagua ileile ya tatu kutoka mlangoni. Majibu yake kutoka Brno bado yanaingia kwenye kundi letu. Nayatazama kila asubuhi nikishashuka, na yote yamekubaliwa.

Siku ile ya kuondoka niliibeba mashine mpaka kwenye gari. Alikataa isiwekwe nyuma na masanduku, akaipakata magotini, ameizungushia sweta. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, nimeyarudia tangu asubuhi, na kama kawaida hayakutoka. Nikashika mlango wa gari ili niufunge.

"Polepole, Vendelín," alisema. "Huyu ameacha hesabu katikati, anataka kuimalizia Brno."