Kabla hujauza shamba ukasomee urubani, nisome kwanza mimi wa Bongwe

Wakuu, assalamu alaikum, na wasio wa salamu hiyo hamjambo.

Kuna ndugu aliuliza humu juzi kama urubani unalipa. Mwanawe amefaulu vizuri na familia inafikiria kuuza kiwanja. Nimesoma majibu yenu yote. Mmoja kasema marubani wanalalia pesa. Mwengine kasema ukimaliza tu kozi mashirika yanakutafuta yenyewe kwa simu.

Nikacheka, kisha nikachoka.

Mimi ninayo leseni ya urubani wa biashara, ile wanayoiita CPL. Nitakayoyaandika yamenifika mwenyewe. Sina la kuongeza, na ya kupunguza ningeyapenda sana lakini hayapo.

Naandika nikiwa kazini, kwa hiyo mkiona nimekatika mjue kuna abiria.

Kwetu ni Bongwe, hapa nyuma ya Ukunda. Ndege za watalii zinazoshuka Diani zinapita karibu na paa letu hadi unasoma maandishi ubavuni. Sitawachosha na hadithi ya utotoni, kila rubani anayo hiyo hiyo. Nilipomaliza form four na alama zangu nzuri nikasema nataka kurusha ndege, na balaa yangu ni kwamba hakuna aliyenicheka.

Sisi Wadigo mjomba ana neno kubwa. Baba yangu alishafariki, lakini hata angekuwa hai wangemsubiri Mjomba Rashidi, kaka yake mama. Akaita kikao baada ya swala ya Ijumaa, nikaweka mbele yake karatasi ya ada kutoka chuo kimoja cha Nairobi.

Milioni tatu na ushee.

Mjomba akavaa miwani, akaisoma, akauliza kwa upole kabisa, "Hii ni ya mtu mmoja, au ndio wanauza chuo?"

Binamu yetu mmoja akasema benki wanakopesha, unalipa polepole ukishaanza kazi. Mjomba akamkata hapo hapo. "Riba haiingii nyumba hii. Huyu mtoto atakwenda juu angani. Wataka aende na pesa ya haramu?"

Ikabaki ardhi. Tulikuwa na shamba la marehemu bibi, mzaa mama, linalopakana na barabara. Bei za huku mnazijua, tangu lami ifike kila mtu anatafuta kiwanja.

Sasa hapa watu wa bara nifuateni vizuri, kwa sababu ndipo mambo yalipoharibikia.

Kwetu ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Ardhi inaweza kuwa ya ukoo na minazi iliyo juu yake ikawa ya yule aliyeipanda. Ukinunua shamba ukakuta minazi ya mtu, utaishi nayo, yeye anakuja kuangua nazi zake na kwenda zake. Ukitaka iondoke unakaa naye chini mnaelewana bei ya kila mnazi.

Minazi ya shamba lile ilikuwa ya mama mkubwa, dada yake mama, Bi Mwanakombo. Aliipanda mwenyewe alipoachika na kurudi nyumbani bila kitu. Hakuwa na mtoto. Akala minazi ile maisha yake yote: nazi, makuti ya kuezeka mahoteli, fagio. Hakuwahi kumwomba mtu hata chumvi.

Mnunuzi alitoka Nairobi, mtu mstaarabu tu, sina ubaya naye. Mjomba akamwambia mbele ya mashahidi, "Twakuuzia ardhi. Minazi ni ya dada yangu, haimo."

Jamaa akajibu, "Hakuna shida, mzee."

Wakaenda kwa wakili. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, mjomba akatia sahihi. Ndani yake ilisema ardhi na vyote vilivyo juu yake. Siku nyingi baadaye nilikutana na yule mnunuzi, akaniambia alidhani mzee anaomba wavune nazi zilizokuwa juu wakati ule. Ninamwamini.

Na kwa kuwa sote tuliamini minazi bado ni ya mama mkubwa, hakuna hata mmoja aliyedai bei yake.

Subirini, kuna kundi la Wajerumani limefika.

Nimerudi.

Chuo. Ndugu muulizaji, ile karatasi ya ada isome kama unavyosoma bei ya kuku sokoni, mazungumzo ndio kwanza yanaanza. Haikutaja kodi ya chumba wala chakula. Haikutaja kwamba mtihani ukianguka unalipa tena, na mtahini analipwa kivyake. Bei ya kila saa ya kuruka imefungwa kwenye dola, na dola ikipanda huambiwi pole. Mvua ikinyesha wiki nzima huruki, lakini kodi ya nyumba inaruka. Ndege ikiharibika mnakaa foleni, na mkono unasahau uliyofundishwa, kwa hiyo unarudia somo kwa pesa yako.

Kozi niliyoambiwa ni mwaka na nusu ikanichukua zaidi ya mara mbili.

Hata hivyo sitadanganya. Siku waliponiachia ndege peke yangu, niliposhuka wenzangu wakanimwagia maji ndoo nzima kama desturi ilivyo, nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Hilo nalo liingie kwenye hesabu.

Idd iliyofuata nikaja nyumbani, na nikapitiliza kwetu bila kujua. Wallahi nilipitiliza. Alama yangu ya kukatia kona ilikuwa ile minazi, na minazi haikuwepo. Palikuwa na ukuta wa mawe na lori la kokoto.

Watu wa mnunuzi walikuja na msumeno wa mashine wakaimaliza kwa siku moja. Mjomba alikwenda kwa chifu, chifu akaangalia hati, akasema hati ni hati. Haya yote yalitokea miezi mingi kabla ya mimi kufika, na mama mkubwa ndiye aliyewakataza wasiniambie. "Mwacheni asome. Mtu wa hewani haambiwi habari za chini."

Nikamkuta anakaanga bajia mbele ya nyumba, kazi aliyoianza uzeeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, rubani wangu."

"Minazi i wapi?"

"Si wairusha wewe huko Nairobi."

Akacheka, akanipa bajia.

Nikamaliza. Nikapata CPL, nikapata na ruhusa ya kuruka kwa vyombo bila kuona nje. Kitabuni mwangu, kile cha kuhesabia saa za kuruka, nilikuwa na saa mia mbili na kidogo, ambazo ndizo chuo kinakupa.

Sasa ndugu muulizaji, hapa ndipo pa kuweka masikio. Kampuni ndogo za ndege zinataka saa mia tano, nyingine elfu. Saa unazipata ukiajiriwa, na kuajiriwa unataka saa. Wanaovuka hapo ni wenye jamaa ndani au wenye baba wa kulipia saa zilizobaki. Huwa hawatuambii hili siku ya kulipa ada, na sijui kama tungesikia.

Nilibisha hodi Wilson, kile kiwanja cha ndege ndogo cha Nairobi, hadi walinzi wakawa wananisalimia kwa jina. Nikarudi pwani. Nikapata kazi hii niliyonayo, kwenye kiwanja kidogo cha hapa Diani. Napima mizigo ya abiria, naandikisha majina, nawasindikiza mpaka kwenye ngazi ya ndege. Ndani yake kuna rubani msaidizi mdogo kwangu kwa umri, kijana mzuri, ananiita bro. Nafunga mlango, narudi kivulini.

Harusini naulizwa maswali kuliko bwana harusi. "Rubani, leo hukuruka?" Nimeshaacha kujibu.

Na leseni nayo inakula. Kila mwaka uchunguzi wa afya kwa daktari maalum, kila mwaka kupimwa upya, na ukiacha inalala. Nilikuwa nalipa kwa mshahara wa kubeba mabegi.

Halafu mwaka huu kampuni moja ikaniita. Nikavaa shati jeupe. Wakaniambia nije na type rating, maana yake nijilipie mafunzo ya aina ile ya ndege yao, kisha nilipie na saa za mwanzo nikiruka na abiria wao, halafu wataangalia. Nikauliza kama kuna mkataba mwishoni. Wakasema tena, tutaangalia.

Ilikuwa milioni na nusu, kabla ya vile visivyoandikwa.

Nilifanya kosa la kuisema nyumbani. Nilikuwa naisema kama mtu anavyosema mvua imenyesha, sikuwa naomba kitu. Ijumaa ile ile mjomba akaita kikao.

Kilichobaki kwetu ni kipande kimoja, ambapo ipo nyumba ya mama mkubwa na minazi yake michache ya nyuma. Na aliyesimama kusema kiuzwe ni yeye mwenyewe.

"Mimi nitahamia kwa mdogo wangu, chumba kipo," akasema. "Na safari hii minazi tutaiuza kwa bei yake, tumeshajua."

Mjomba akaniangalia. "Wasemaje?"

Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu. Mshahara wa kuanzia wa rubani msaidizi kwenye ndege ndogo, kwa nilivyoulizia wenzangu waliopata, haupiti sana wa mhasibu wa hoteli. Unapanda, ndiyo, na ukifika kwenye ndege kubwa ni pesa za kweli. Lakini ingenichukua miaka kama kumi, nikiwa na afya na bila kuachishwa, kurudisha tu tulichotia. Na kile kipande kisingerudi kabisa, kwa sababu bei ya ardhi inakimbia kuliko mshahara wowote.

Nikasema, "Mjomba, kwa heshima yenu, hapana. Kisiuzwe."

Mama mkubwa akanigeukia. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Kwa nini?"

"Mama, hawana hata mkataba. Twaweza kutoa tukakosa."

"Tushatoa! Ile minazi ya kwanza ilikatwa ukiwa wasoma. Nikasema haya, imekwenda kwa jambo. Wewe ukiacha sasa, hebu niambie, ilikwenda kwa nini?"

Mjomba alikuwa anatazama mkeka, na nikaona machozi yakimshuka mzee wa watu, kwa sababu sahihi ile ilikuwa yake.

Nikarudia tu hapana yangu. Mama mkubwa akaondoka kabla ya dua.

Basi ndugu muulizaji, jibu langu ni hili. Urubani unalipa, kwa anayeweza kulipia mpaka mwisho wa njia bila kugusa anachokalia. Usiulize chuo ada ni kiasi gani kabla hujawatafuta waliomaliza miaka miwili iliyopita ukawauliza wako wapi leo. Tafuta bei mpaka kwenye kiti cha kazi, usiishie kwenye leseni. Na kama pesa inatoka kwa mtu mwengine, mtoe huyo mtu umweke mezani, umuulize atakula nini mambo yakienda kombo, maana yeye hatajisemea. Wangu hakujisemea.

Ningeishia hapo, lakini kuna la wiki hii.

Kila mwisho wa mwezi namtumia mama mkubwa pesa kidogo kwenye simu, ya unga na dawa za presha. Tulikuwa tumerudi kuongea, ya salamu tu. Juzi mama mzazi akaniambia dada yake kaanguka jikoni, wakampeleka Msambweni hospitali, daktari kasema dawa hanywi. Nikauliza pesa zinakwenda wapi. Mama akasema, nenda kamuulize mwenyewe.

Nikamkuta kitandani kwake, amejitanda leso.

"Mama, zile pesa si za dawa?"

"Dawa nitakunywa, inshallah."

"Ziko wapi?"

"Zipo. Sijazigusa hata moja." Akanishika mkono. "Nakuwekea. Zikitimia uende ukamalizie hizo saa zako. Usiogope, mwanangu, safari hii hatuuzi kitu."

Wakuu, cheti changu cha afya kiliisha mwezi uliopita na sikukihuisha. Leseni imelala, na sina nia ya kuiamsha. Nyumba nzima hakuna anayejua.

Dawa nilimnunulia mwenyewe nikamsimamia mpaka akameza. Lile jingine nimekaa nalo mdomoni siku zote hizi, na mwisho wa mwezi unakuja, nitatuma tena na ataweka tena.

Mwenye kujua mtu kama huyu anaambiwaje, aniandikie hapa chini. Maswali ya ada na saa nitayajibu pia, nikimaliza na hawa wa ndege ya saa tisa.