Figo Niliyomwahidi Kaka

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupata diploma, na sikulipiwa ada na mtu. Nilisomea afya ya mifugo nikiwa bawabu wa kiwanda Pinetown, kitabu juu ya mapaja, hadi nikaitwa kazini ng'ambo kulea nguruwe. Hawakuwa nguruwe wa kawaida. Walibadilishwa vinasaba ili figo na mioyo yao ije ifanye kazi ndani ya miili ya watu. Tulioga kabla ya kuingia bandani na kubadili kila nguo. Wanyama wale hawakuwahi kukanyaga udongo. Nilimwona kwa macho yangu nyani aliyepandikizwa figo ya mmoja wao akimenya ndizi kama hana habari.

Niliporudi Durban, nikiwa na gari langu na nyumba Westville, nilikuta figo za kaka yangu mkubwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Dada yetu mdogo, mshonaji wa mapazia Pinetown, alikuwa amepimwa na figo yake ikaonekana inamfaa. Ruhusa ya kazini alishaomba. Ilibaki kutia sahihi.

Jumapili moja baada ya ibada tulikutana kwangu kumwombea kaka. Dada alisema yuko tayari, lakini mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua pembe ya kitambaa cha meza. Ana watoto wawili, na baba yao hayupo. Nikasimama nikaeleza habari za nguruwe na za yule nyani, bila karatasi, kama nilivyozoea kuwaeleza wageni wa kule kazini. Nikasema ng'ambo watu wameshaanza kuwekewa figo hizo, na huku hazitachelewa.

"Kwa nini tumpasue mama wa watoto wakati figo ziko njiani?" nikauliza. "Tusubiri kidogo tu."

Hakuna aliyenipinga. Nani angenipinga? Dada aliachilia kitambaa. Kaka alinitazama, kisha akacheka, akasema hana neno, mradi asianze kukoroma kama nguruwe katikati ya mahubiri.

Sikusema, kwa kuwa hakuna aliyeuliza, kwamba yule nyani alikufa wiki moja baada ya kumenya ile ndizi.

Tukasubiri. Kila nilipomtembelea kwenye mashine, kaka alininyoshea kidevu akiwaambia manesi: "Huyu ni daktari wa nguruwe. Eish, daktari, mzigo wangu umefika bandarini?" Nilimwandikia mkubwa wangu wa zamani. Alijibu kwa upole kwamba figo hizo bado ni za majaribio, kwa wagonjwa wachache wa nchi yake, na hajui lini zitatoka nje. Barua hiyo sikumsomea mtu.

Miguu ya kaka ikavimba. Maji alipimiwa kwa kikombe, akawa ananyonya vipande vya barafu. Siku moja hakutania.

"Mdogo wangu, zungumza na dada yako," alisema. "Mimi siwezi kumwomba mara ya pili."

Nilimjibu avumilie mwezi mmoja. Nilikuwa nimesema mbele ya watu wote. Ningerudi kwao na maneno gani?

Ilipita miezi mitatu kabla sijaenda Pinetown. Dada alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa kiwanda chake cha mapazia, akavua aproni, akaniambia nimpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Madaktari walisema moyo wa kaka umechoka, hautahimili kisu. Alifariki kabla ya baridi kwisha.

Baada ya mazishi tulikuwa tunanawa mikono kwenye bomba la uani kwangu, mimi na dada, watu wengine wakila ndani.

"Yule nyani wako," aliniuliza, "yuko wapi siku hizi?"

Nikamwambia alikufa. Akauliza lini. Nikamwambia na hilo.

Akafunga bomba, akafuta mikono kwenye gauni lake, akaenda kuwachukua watoto wake. Chakula chake kilibaki mezani.