Jeneza la Mama

Fundi wa meno ya bandia alikuwa ameacha pombe, lakini uongo ulikuwa haujamtoka. Zamu yake ya kusimulia ilipofika mbele ya kikundi cha walioacha kunywa, aliona maisha yake hayana chumvi: mtu mzima kujifungia karakanani, analewa peke yake, meno yamekenua mezani yanamcheka. Basi akaazima ya mhuni wa riwaya aipendayo kuliko zote, kitabu kichafu anachokificha chini ya godoro, akayasimulia kama yake. Mhuni yule aliuza jeneza la mama yake, pesa akazinywea. Watu walilia kwikwi.

Tangu hapo mshonaji mmoja wa kikundi hicho hakugusa tena glasi.

"Kaka," alimwambia fundi leo kikundi kilipokutana tena, "kiu ikinishika namkumbuka marehemu mama yako, natulia."

Fundi akawaza. Akimwambia ukweli, je, mshonaji akirudia chupa?

Mara mlango ukafunguliwa, akaingia mama yake mwenyewe, mzima wa afya, koti mkononi. "Na mvua yote hii, umesahau koti!"

"Huyu nani, kaka?" mshonaji akauliza.

"Mama mdogo," fundi akasema, ulimi mzito kuliko enzi za ulevi.

"Ooh! Pole kwa kufiwa na dada yako, mama."

Mama alimtazama mwanawe. Miaka yote ile ya ulevi yeye ndiye aliyewaambia wateja mlangoni kwamba fundi ana homa. Akamvika koti, akamfunga vifungo kimoja kimoja kama mtoto.

"Asante, mwanangu," akamjibu mshonaji. "Mungu amrehemu."